Picha ya kijiji ya enzi za Malkia Victoria niliyoinunua mnadani: anga limekua pinki na bado siirudishi

Naanza na hesabu maana ndo iliyoniuma kwanza. Picha ya rangi za maji, mandhari ya kijijini Uingereza, katalogi imeandika karne ya 19, fremu ya dhahabu imechubuka pembe mbili, makadirio pauni 80 hadi 120. Nilifuatilia mnada kwenye simu, tukabaki watu wawili tunapandishiana, nyundo ikagonga kwenye 140 nikajipongeza kabisa nikaenda kuweka chai, kurudi nafungua ankara naona 182. Kumbe kuna ada ya mnunuzi asilimia 25, hiyo 35, halafu juu ya hiyo ada kuna VAT ya asilimia 20, saba nyingine. Sijaibiwa, iko kwenye masharti, ila nani anasoma masharti akiwa na mzuka wa kupanda dau? Kwahiyo kama mfukoni una 140 basi ukifika 105 hivi weka simu chini.

Jina la mnada silitaji. Ni mnada wa mji mdogo huko Surrey, Uingereza, wanauza kila kitu, makabati, saa za ukutani, vijiko vya fedha, mazulia, na humo katikati kunakua na rundo la picha za rangi za maji zilizotoka kwenye nyumba za wazee. Mzee akifariki watoto wanagawana vya maana, picha za bata na vibanda zinapelekwa mnadani. Ndo mana ukitoa majina makubwa, kitu kilichochorwa kwa mkono miaka 150 iliyopita unakipata kwa bei ya viatu vizuri.

Sasa picha yenyewe. Sentimita 25 kwa 35 hivi, ya kulala. Njia ya vumbi inateremka toka kushoto, kuna nyumba ya paa la nyasi imeinama kama mzee aliyesinzia, ua wa vichaka, mama mwenye aproni nyeupe kasimama getini, watoto wawili wamechuchumaa wanaangalia bata bukini watano, mti mkubwa wa elm, na nyuma kabisa vilima. Ukishaona picha kumi za enzi zile hii umeshaiona. Mimi naipenda hivohivo, sina aibu.

Katalogi ilisema "kwa namna ya Myles Birket Foster, ina herufi BF". Foster alikua mchoraji maarufu wa enzi hizo na BF ni herufi za jina lake. Hapa nilijikwaa mwenyewe, nisimsingizie mtu. Wale watu wa mnada wana lugha yao na kila neno limepimwa. Wakiandika jina la msanii kavukavu, wanamaanisha kwa maoni yao ni kazi yake. Wakisema inadhaniwa ni yake, ujue wenyewe wana wasiwasi. Mfuasi wa fulani ni mtu mwingine aliyefuata nyayo zake. Kwa namna ya fulani ni mwigaji, na huenda kaiga miaka mingi baadaye. Na kwenye saini ndo kuna mtego mzuri zaidi, wakisema "imesainiwa" wanaamini mkono ni wa mwenyewe, wakisema "ina saini" au "ina herufi" wanakwambia kwa upole kwamba ndio tumeiona ipo hapo, nani kaiweka usituulize. Kwahiyo mnada uliniambia wazi kabisa kwamba hii sio ya Foster. Mimi niliona BF nikasoma nilichotaka kusoma, usiku ule nikalala nikijua nimemzidi akili mtu.

Na hizo herufi BF zimeghushiwa mno. Foster alizaliwa 1825 North Shields, akakulia London, akafundishwa kuchonga picha kwenye mbao kwa ajili ya vitabu na magazeti, halafu akahamia kwenye rangi za maji na 1860 akaingia kwenye chama cha wachoraji wa rangi za maji kilichoanzishwa 1804. Akajenga nyumba kubwa Witley, hukohuko Surrey, na picha zake za watoto na njia za mashambani zikawa zinagombaniwa hadi watu wakaanza kumwiga akiwa bado hai. Kwahiyo hata BF ya kughushi inaweza kua ya zamani kweli. Hiyo ndo faraja yangu.

Siku ya kuichukua niliendesha saa moja na nusu. Wakaitoa stoo imefungwa kwenye blanketi, nikafungua, nikanyamaza. Kwenye picha ya katalogi anga lilikua la kijivubluu, zuri, la mawingu ya mvua iliyopita. Niliyoshika mkononi ilikua na anga la pinki. Sio pinki ya machweo, maana vivuli vya kwenye nyasi vinaonyesha jua liko juu kabisa, ni pinki ya ajabu kama mtu kamwaga chai ya rangi juu ya mawingu. Miti nayo majani yamekua ya bluubluu. Halafu madoa ya kahawia kama kumi hivi yametawanyika upande wa juu, na pembeni ya picha mstari wa kahawia pote pale inapokutana na kadibodi yenye dirisha, ile inayoizunguka picha ndani ya fremu. Dada wa mapokezi akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia niko sawa.

Niliwaandikia jioni ileile nikawaambia picha ya katalogi haifanani na kitu. Wakajibu baada ya siku tatu kwamba mwanga wa studio unaweza kubadilisha rangi kidogo, kwamba kila kitu kinauzwa kama kilivyo, na kwamba kulikua na siku mbili za kuangalia vitu kabla ya mnada. Hilo la mwisho ni kweli na ndo lililonikera zaidi, sikwenda kwa sababu ya uvivu tu. Pia ukiomba taarifa ya hali ya kitu kabla ya mnada wanakutumia kwa barua pepe, bure. Sikuomba. Ila hata hivo ile picha yao ilikua imerembwa, kijivubluu kile sijui walikitoa wapi. Mnada nyota mbili, na hizo mbili ni za dada wa mapokezi.

Sasa hii pinki. Wachoraji wa enzi zile walikua wanatengeneza kijivu cha mawingu kwa kuchanganya nili, ile bluu ya mmea, na nyekundu ya udongo. Ikiwa mbichi inatoa kijivu laini ajabu. Tatizo nili haiwezi kustahimili mwanga, inapauka taratibu mwaka baada ya mwaka, ila ile nyekundu ya udongo ni kama jiwe haiendi popote. Miaka hamsini ukutani mkabala na dirisha, bluu imekwenda, nyekundu imebaki peke yake angani. Majani ni hadithi hiyohiyo upande wa pili, kijani nyingi zilitengenezwa kwa bluu nyingine, imara kuliko nili, na njano, njano nyingine za mimea zinakufa mapema, majani yanabaki bluu. Yani picha nzima imegeuzwa ndani nje na hakuna aliyeigusa.

Na wala sio kwamba hawakujua. Kulikua na ugomvi mkubwa Uingereza miaka ya 1880 kuhusu hili, wengine wanasema picha za serikali zinaharibiwa na mwanga kwenye makumbusho, wengine wanasema ni uzushi, mpaka wanasayansi W. J. Russell na kapteni W. de W. Abney wakapewa kazi ya kupima, wakaweka vipande vya karatasi vilivyopakwa rangi kwenye mirija ya kioo wakavianika juani, ripoti ikatoka 1888 na rangi zilizopauka zikatajwa moja moja. Wachoraji wengine wakaendelea kutumia rangi zilezile tu maana ni nzuri siku ya kuuza.

Baada ya hasira kupoa nikakaa nayo na lensi ya mara kumi, na hapa ndo nilianza kuipenda upya. Kwanza nilitaka kujua kama ni picha ya kuchapwa, maana enzi hizo kulikua na picha za kuchapwa kwa mawe kwa rangi nyingi, nzuri kiasi kwamba ukiiona kwenye fremu unaapa ni ya mkono. Kwenye lensi, ya kuchapwa inajitoa, unaona vidoti vilivyolala bapa kila mahali, hakuna rangi iliyojikusanya. Hii yangu rangi imejikusanya ukingoni mwa kila mguso pale maji yalipokaukia, na chini yake unaona penseli, hafifu, mstari wa paa umechorwa mara mbili kwasababu mara ya kwanza ulikosewa. Nikacheka peke yangu. Mtu kakosea paa mwaka huo na mimi namwona.

Halafu wale bata. Weupe wao bado unang'aa kama jana. Hiyo ni nyeupe ya zinki, ile waliyoiita nyeupe ya Kichina ingawa haihusiani na China, watengeneza rangi Winsor & Newton waliitoa 1834 na ikabadilisha kabisa namna watu wanavyochora. Kabla yake wachoraji wengi waliacha karatasi yenyewe iwe nyeupe, wanapaka maji kwa upana na haraka kama David Cox au Peter De Wint, ukiangalia kazi za hao unaona upepo unavuma. Nyeupe ya risasi ilikuwepo ila kwenye rangi za maji hua inageuka nyeusi, fikiria bata weusi. Zinki haigeuki. Kwahiyo kina Foster wakaanza kuichanganya na kila kitu na kujaza picha kwa vidoti vidogovidogo, nukta juu ya nukta, kazi ya mtu aliyezoea kuchonga mbao. Aliyechora yangu kajitahidi kumwiga kwenye bata na kwenye aproni, ila kwenye ule mti wa elm kachoka, kapiga brashi kubwa tu akaondoka. Na kusema kweli mti ndo sehemu bora ya picha.

Nina cha kulinganishia maana niliwahi kwenda makumbusho ya V&A London kwenye chumba cha kuangalia kazi za karatasi, unaweka miadi, hulipi, kalamu ya wino hairuhusiwi ni penseli tu, wanakuletea mezani unakaa nayo uso kwa uso. Niliomba ile ya msichana mkamua maziwa ya Foster ya 1860. Watoto wa Foster wana mifupa ndani ya nguo, wangu ni magunia mawili yenye kofia. Vidoti vyake havionekani mpaka uinamie, vyangu vinaonekana toka mlangoni. Kama unafikiria kununua picha za aina hii nenda kaangalie za kweli kwanza, jicho likishashiba huwezi kudanganywa kirahisi, au ukidanganywa utajua umedanganywa kwa kiasi gani.

Kuna jambo la watu wanaoziponda hizi picha, kwamba ni pipi tupu, uongo wa mashamba. Nakubali nusu. Sensa ya 1851 ndo ilikua ya kwanza kuonyesha watu wa mijini Uingereza wamewazidi wa vijijini, na waliokua wananunua picha hizi ni haohao wa mijini, wafanyabiashara, wenye viwanda, watu wanaorudi nyumbani na masizi kwenye kola. Hawakutaka kuona paa linavuja. Na toka miaka ya 1870 kilimo kikaporomoka, ngano ya bei rahisi ikaingia toka Marekani, vibarua wakahama, nyumba kama hii yangu zikabaki zinaoza au zinabomolewa, na huku wachoraji wanazidi kuzichora zikiwa na maua ya waridi mlangoni. Huyu mama getini mwenye aproni safi ya kuumiza macho, kwa kipato cha kibarua wa shamba wa wakati ule, watoto wawili, aproni ile? Haiwezekani. Mtoto mmoja angekua shambani anafukuza ndege.

Ila nusu nyingine siikubali. Chukua mchoraji Helen Allingham, alihamia karibu na Witley 1881, alichora nyumba za Surrey moja baada ya nyingine akiwa amekaa nje mbele yake, na alifanya hivo kwasababu zilikua zinapotea. 1890 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama kamili wa kile chama cha rangi za maji, mume wake alikua ameshafariki mwaka uliotangulia na ana watoto watatu wa kulisha, usiniambie huyo alikua anachezea pipi. Alikua anachora dirisha, na kama mwenye nyumba kashaweka kioo kipya, yeye anarudisha lile la zamani la vioo vidogovidogo. Huo ni uongo? Ni uongo. Lakini leo wanaotaka kujua madirisha yale yalikaaje wanaangalia picha zake. Ukifika London nenda Burgh House Hampstead, wana kazi zake, angalia anavyokwangua karatasi kwa kisu kupata mwanga kwenye majani.

Tuje kwa fundi, maana huyu ndo kaokoa stori nzima. Ni fundi wa kuhifadhi karatasi, anafanyia kazi nyumbani kwake, nilimpata kupitia mtu. Nimemlipa pauni 160, kwahiyo jumla sasa ni 342 na mke wangu asipige hesabu. Alifungua nyuma ya fremu mbele yangu, misumari imeota kutu, ubao wa mbao kavu nyuma yake, na akanionyesha kwamba kile kadibodi cha zamani ndo mwuaji wa pili baada ya jua, kimejaa tindikali kinachoma karatasi polepole, ule mstari wa kahawia pembeni ni alama ya kuungua kabisa. Akakitoa. Alichoweka badala yake ni kadibodi ya pamba, picha imeshikiliwa juu kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano ili siku nyingine mtu akitaka kuitoa anailowesha tu inaachia. Kioo kipya cha kuzuia miale ya urujuanimno. Alinionya kwamba kioo hicho sio dawa, mwanga wa kawaida unapausha pia, makumbusho wanaweka taa hafifu karibu lux 50, hua unaingia unadhani umeme unakatika.

Madoa ya kahawia alipunguza sio yote, nikamuuliza kwa nini asiyang'oe kabisa, akasema kuyang'oa inabidi kuogesha karatasi na nyekundu iliyobaki angani inaweza kutembea. Na bluu je, hawezi kuirudisha? Akacheka. Iliyokwenda imekwenda, akiipaka ni yeye atakua amechora.

Halafu akaiinua kwenye taa. Ndani ya karatasi kuna alama ya kiwanda, ile inayoonekana kwenye mwanga tu, kinyumenyume, ATMAN na chini yake 1871. Ni Whatman, ile karatasi maarufu ya Kent, kipande kilikatwa katikati ya jina. Sio kwamba imechorwa 1871, karatasi inaweza kukaa kwenye droo miaka, ila haiwezi kua kabla ya hapo. Kwahiyo mnada walipoandika karne ya 19 walikua hawako mbali. Mnada sawa, nawaongezea nusu.

Lakini kilichonimaliza ni kingine. Alipoondoa kile kadibodi cha zamani, juu kabisa ya picha kulikua na mkanda mwembamba, milimita nne hivi, ambao kadibodi ilikua imeufunika miaka yote hiyo. Hapo jua halijawahi kufika. Na hapo anga ni la kijivubluu. Lilelile la mawingu ya mvua iliyopita, lenye unyevu bado, limekatika ghafla kwenye mstari ulionyooka na chini yake pinki inaanza. Upande wa kulia mkanda unapita juu ya ncha ya mti wa elm na majani matatu ni ya kijani. Matatu tu. Nilimwomba lensi nikaangalia muda mrefu mpaka akaenda kuweka chai.

Kwa jumla naipa nyota tatu na nusu, nne kama hukuendesha saa moja na nusu kwenda na kurudi. Kama unataka picha ya kupendeza ya kuweka sebuleni na huna mpango wa kumlipa fundi, nunua ya kuchapwa iliyo nzuri, haitakusumbua. Kama unataka hii aina, nenda siku ya kuangalia, omba wakutolee ukutani uione kwenye mwanga wa dirisha, angalia anga kwanza, bata baadaye.

Fundi aliniuliza kadibodi jipya akate dirisha dogo kama la zamani lifunike ule mkanda, maana ndo kawaida, unaonekana kama kosa. Nikamwambia apanue. Sasa iko ukumbini mahali pasipo na dirisha, na kila anayepita ananiuliza kwanini juu pale kuna mstari wa bluu.